Mume Aliyesahau Kuwa Aliniacha

Walter alirudi nyumbani Alhamisi moja, mimi nikiwa nageuza vichwa vya samaki wa mbuta kwenye karai. Aliteremka kwenye pikipiki nyuma ya ndugu yake Oyugi, akakung'uta vumbi shatini, akaja moja kwa moja mpaka kwenye moshi wangu akiwa ameshika betri mbili za redio.

"Duka la hapa zilikuwa zimeisha," akasema. "Nikaenda la mbele."

Huyu mtu aliniaga kwamba anaenda kununua betri wakati mtoto wetu Calvince alikuwa bado anatambaa. Leo Calvince ana ndevu na mke, na anaendesha lori la mpunga kule Ahero. Redio yenyewe iliingia mende, ikanyamaza, nikampa mtu wa vyuma kuukuu. Na hapa amesimama Walter, mvi kichwa kizima, ananitazama kama mume aliyechelewa kidogo na anayeogopa kuulizwa alikuwa wapi.

Nilikuwa na kijiko kirefu cha chuma mkononi, kimejaa mafuta ya moto. Nasema tu kwamba Walter ana bahati.

"Shemeji," Oyugi akaniita kando. "Nabututu, yule mwanamke wake, amesema mali yako ameirudisha."

"Ameirudisha ikiwa nzima?"

Oyugi akatazama viatu vyake. "Kichwa kina shida kidogo. Anasahau. Na tumbo pia halimwendei vizuri."

"Kwa hiyo kilichobaki ni miguu."

"Miguu ni mizima, shemeji."

Sisi wanawake wa Obunga tunakaanga mgongo wazi. Mbuta akifika kiwandani, minofu inakatwa na kupelekwa ng'ambo, sisi tunauziwa kichwa, uti wa mgongo na mkia. Tunakaanga, watu wa Kisumu wanakula na ugali na kunyonya mifupa. Kwa hiyo kazi ya kupokea kitu ambacho wengine wameshakula nyama yake naijua tangu ujana. Sikujua tu kwamba hata mume anaweza kuletwa hivyo.

Ili mnielewe, lazima niwaeleze Walter alikuwa mtu wa namna gani.

Alizaliwa Nyakach, kitinda mimba, na mama yake alimlisha kama anayenenepeshwa kwa mnada. Alipokuja mjini akapata kazi kwa Kartar, Kalasinga mwenye karakana ya malori karibu na reli. Kartar alikuwa na vitabu vya vipuri, rafu nzima, lakini vilijaa buibui kwa sababu alikuwa na Walter. Unamuuliza lori la fulani lilibadilishwa breki lini, anakwambia, na anaongeza dereva alikuwa amevaa nini. Kartar alikuwa akisema, "Hiki si kichwa, hii ni stoo."

Tumbo ndilo lilikuwa shida. Walter alikula nyama ya kukaanga, chapati, chipsi na ugali wa ukubwa wa tofali. Mboga hakugusa. Nikimwekea, anazisukuma kando ya sahani kwa kidole kimoja, kama anaondoa mdudu. "Mboga ni za ng'ombe," anasema, "na ng'ombe mwenyewe namla, kwa hiyo nimeshakula mboga." Maji alikunywa akimeza vidonge tu. Na vidonge vilikuwa vingi, vya kuzuia kiungulia, alivinunua duka la dawa bila kuandikiwa na mtu na kuvitafuna kama njugu.

Ploti yetu ina choo kimoja. Walter akiingia na gazeti, akitoka habari zimepitwa na wakati. Majirani walipanga foleni nje na sufuria zao za maji, wakiimba nyimbo za kanisani ili asikie aibu. Yeye anajibu kwa ndani, anaimba sauti ya nne.

Halafu lori moja likaharibika Awasi, Kartar akamtuma kulitengeneza. Kando ya barabara kulikuwa na kibanda cha chakula cha mwanamke anayeitwa Nabututu, mtu wa Bungoma, mwenye chapati laini na kiuno. Lori lilipona siku hiyo hiyo. Walter hakupona. Baada ya wiki chache akasema anaenda kununua betri.

Kuachwa peke yake ningemeza. Wanawake wengi wameachwa, hata hapa kwenye mstari wetu wa makarai ukitupa mfupa utampiga mmoja. Kilichonikwama kooni ni mazishi ya mama yake. Nilikwenda Nyakach kama mke wa boma, nimevaa vizuri, nimebeba mtoto. Nikakuta Nabututu amekaa mahali pangu. Nikapelekwa jikoni kuchochea moto. Na wakati wa chakula, mbele ya ukoo mzima, Nabututu alimpelekea Walter firigisi ya kuku kwenye sahani, na Walter akaila.

Wageni wa huku huenda hawajui uzito wa jambo hilo. Kwetu, firigisi ni ya mwenye nyumba, na anayempelekea ni mkewe. Unaweza kuwa umemlea kuku huyo tangu yai, firigisi si yako. Anayeipeleka mbele za watu amesema, "Huyu ni wangu," na anayeila amejibu, "Ndiyo." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la ugali. Walter aliniona. Akatafuna.

Tangu siku ile firigisi zote za nyumba yangu nimekula mwenyewe, polepole. Na tangu siku ile nimetaka kitu kimoja kutoka kwa Walter. Si nyumba, si mapenzi. Nilitaka aseme kwa mdomo wake, watu wakisikia, kwamba alinikosea. Nilikuwa na hotuba ya kumpa kabla ya hapo. Niliitunga nikikaanga, miaka yote, nikitoa neno hili na kutia lile, mpaka ikawa haina mfupa.

Basi siku ya pili baada ya kurudi kwake nilimkalisha kwenye stuli, karibu na karai langu. Achola, jirani yangu wa karai la pili, akavuta kigoda chake aje asikilize. Yeye ndiye aliyeisikia hotuba hiyo ikikua.

Nikaanza. Nikasema yote: betri, mtoto mwenye homa, Awasi, jikoni, moto, firigisi. Walter alinisikiliza vizuri kuliko mchungaji. Alitikisa kichwa. Nilipofika kwenye mazishi, machozi yakamlenga.

"Huyo mwanaume ni mnyama," akasema. "Anaitwa nani? Mwambie Oyugi tumtafute."

"Ni wewe!"

"Mimi?" Akacheka kwa upole, kama mtu anayemsamehe mgonjwa, akaniita kwa jina la kwetu, binti wa Seme. "Nyar Seme, mimi nimetoka asubuhi kununua betri."

Achola alicheka mpaka akakalia beseni la samaki. Mimi sikucheka. Umewahi kugombana na mtu ambaye hakuwepo? Mshtakiwa alikuwa mbele yangu, mwili wake wote, lakini kosa lenyewe lilikuwa limetoroka.

"Basi mrudishe Awasi," Achola akasema, akijitoa magamba kwenye gauni.

"Haendi popote. Atakumbuka kwanza."

Nikampa chumba cha zamani cha Calvince, na godoro jembamba. Mke wake sikuwa tena, na muuguzi sikuwa bado.

Muuguzi nikawa haraka kuliko nilivyotaka, kwa sababu tumbo lake lilivimba kama ngoma na akaanza kulia. Nikampeleka kliniki. Tulipokelewa na daktari wa kike, kijana, anaitwa Prerna, Mhindi wa hapa hapa Kisumu, anajua Kiswahili na anajua Kijaluo cha kutosha kukutania. Akambonyeza Walter tumbo, akamtoa damu, akaniuliza anakula nini. Nikamweleza. Akaniuliza kuhusu vidonge. Nikamweleza. Akaacha kuandika na kunitazama.

"Miaka yote hiyo?"

"Kama njugu, daktari."

Majibu ya damu yalipotoka, akanikalisha chini. "Mama, tumbo na ubongo ni majirani wanaoongea kila siku. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kichwani mpaka matumboni, na ndani ya matumbo kuna vijidudu vingi vinavyotusaidia, ambavyo hupenda mboga na nafaka. Watafiti wameona kwamba watu wenye shida za tumbo za muda mrefu hupata ugonjwa wa kusahau zaidi kidogo kuliko wengine."

"Kwa hiyo ni tumbo lililomla kichwa."

"Hatujui bado. Inawezekana tumbo linaharibu kichwa. Inawezekana pia kichwa ndicho kinaanza kuharibika, na tumbo linatoa taarifa kwanza."

"Nikilisafisha tumbo, kichwa kitarudi?"

"Sikusema hivyo, mama."

"Lakini hukukataa."

"Nimekataa kidogo." Akatabasamu. "Kuna jambo moja la kutupa matumaini. Damu yake imepungukiwa na vitamini moja ambayo ubongo unaihitaji. Vile vidonge, vikinywewa miaka mingi, vinaweza kulizuia tumbo kuichukua kutoka kwenye chakula. Hiyo tutairudisha kwa sindano, na vidonge tutaviondoa polepole mimi nikimwangalia. Baadhi ya kumbukumbu huenda zikarudi. Nyingine hazitarudi."

"Na za kurudi anachagua nani?"

"Hachagui mtu."

"Haya. Mimi nahitaji moja tu."

"Ipi?"

"Awasi," nikamwambia. Hakuelewa, na sikumfafanulia. Yeye ni msichana, atajifunza.

Nikaenda nyumbani na vita. Osuga, mboga chungu ambayo Nairobi wanaiita managu, nikaichemsha na kuilaza kwenye maziwa. Mboga za saga na mrenda, maharagwe, wimbi. Uji nikauacha uchachuke kwenye mtungi kama alivyofanya mama yangu. Maji nikamwekea kikombe kikubwa, na jioni Oyugi anamtembeza mpaka ziwani na kumrudisha, maana daktari alisema hata matumbo yanataka kutembezwa.

Walter akaitazama osuga. Kidole kile kile kikatoka, kikaanza kusukuma. Yawa! Amesahau mke, amesahau mtoto, amesahau miaka, lakini kidole kinakumbuka kwamba mboga ni za ng'ombe.

"Kula."

"Sina njaa."

"Ulisema una njaa."

"Ilikuwa njaa ya kuku."

Nilikaa nikamfikiria. Kesho yake nikaenda soko la Kibuye kwa watu wa kuku, nikanunua firigisi peke yake, fungu zima. Nikakaanga moja na kitunguu, nikaiweka kwenye sahani mbele ya pua yake, nikaifunika kwa mkono.

"Ukimaliza osuga."

Alikula osuga kama mtu anayevuka mto wa baridi, macho yamefungwa. Halafu akala firigisi, akapumua, akaniambia, "Wewe ni mke mzuri."

Achola alikuwa anachungulia mlangoni. "Nyar Seme! Unampa firigisi? Basi umemrudisha. Nipige vigelegele?"

"Ni dawa."

"Dawa gani inayokaangwa na kitunguu?"

"Mtu akimpa ng'ombe chumvi ili amkamue, amemuoa?"

Achola akaenda akiwa amejishika mbavu, na kabla jua halijazama mstari mzima wa makarai ulikuwa unasema kwamba Nyar Seme amefunga ndoa upya kwa firigisi za kununua. Niliwaacha waseme. Lakini ukweli ni kwamba kila nilipoiweka ile sahani mkono wangu ulikuwa mzito. Nilikuwa ninampa kile alichokipokea kwa mwingine, na hata hakujua.

Siku zikaenda, Walter naye akaanza kushangaa. "Nyar Seme, kuku mmoja ana firigisi ngapi siku hizi?"

"Hawa ni wa kisasa."

"Kartar angefurahi," akasema. "Kila siku kipuri kipya."

Nikasimama. Kartar! Hakuwa amelitaja jina hilo tangu arudi.

Choo nacho kilianza kutoa habari njema. Mimi nikiwa kwenye karai, Achola anapiga kelele kutoka karai la pili, "Ameenda?" Nami najibu, "Ameenda!" Karai la tatu linauliza, "Kwa muda gani?" Anajibu jirani aliyekuwa kwenye foleni, "Hata wimbo mmoja hatukumaliza!" Wanawake wanapiga vigelegele, wateja wanadhani kuna harusi. Walter anatoka akitupungia mkono kama mbunge.

Kila alipotoka nilimfanyia mtihani. Mtoto wetu anaitwa nani? Calvince. Yuko wapi? Analala ndani. Kesho yake: Yuko wapi? Akafikiri. "Ana ndevu," akasema, akaketi chini kwa mshangao, akazishika ndevu zake mwenyewe. Nilimpigia Calvince simu aje. Walishikana mikono mlangoni kama wageni wawili kwenye mkutano, halafu Walter akamuuliza breki za lori lake zikoje. Walizungumza breki mchana mzima. Sikuingilia. Baba na mwana wa huku hawana lugha nyingine.

Basi nikawa na matumaini. Nikaipiga hotuba yangu pasi. Na asubuhi moja Walter akiwa anakunywa uji, akaweka kikombe chini, akasema, "Nabututu hajambo?"

Nikaweka chini mtungi wa uji.

"Nani?"

"Nabututu. Wa Awasi." Akalamba mdomo. "Ana chapati laini sana."

Uji wangu! Maziwa yangu! Nimelizibua tumbo, nimekifungulia kichwa njia, na kitu cha kwanza kupita kwenye njia hiyo ni Nabututu na chapati zake.

"Ulikuwa Awasi ukifanya nini?" nikamuuliza, sauti yangu ikiwa ndogo.

Akafikiri kwa bidii. "Kutengeneza lori."

"Na lori lilipopona?"

Akanitazama. Niliona kitu kinapita machoni mwake, kama samaki chini ya maji, halafu kikazama. "Nilirudi," akasema.

Achola alipolisikia hilo hakucheka hata kidogo. "Umemtengeneza kabisa," akaniambia. "Sasa amekumbuka njia, hajakumbuka kosa. Ataondoka kabla hujapata neno lako."

Hiyo ndiyo hofu iliyonikaa. Sikuogopa kumkosa Walter, nilikuwa na mazoea ya kumkosa. Niliogopa kuachwa mara ya pili na mtu ambaye hajakiri mara ya kwanza. Na Oyugi, ambaye mdomo wake hauna mfuniko, alikuwa ameshapiga simu Awasi. Nabututu akanipigia.

"Dada, nasikia mali imepona."

"Mali gani?"

"Nitakuja Jumapili kumwona. Usipike, nitabeba."

Nilipika. Mwanamke gani angeacha kupika?

Jumapili Nabututu aliteremka kwenye tuktuk na hotipoti kubwa. Akilini mwangu nilikuwa nimemweka vile vile, msichana mwenye kiuno. Aliyeteremka alikuwa mama mnene mwenye magoti mabovu kama yangu, anashuka upande upande. Nilifurahi. Halafu nikahuzunika kidogo. Halafu nikafurahi tena.

"Dada, habari ya siku nyingi."

"Siku nyingi ulikuwa nazo wewe. Karibu."

Tukaingia. Oyugi alikuwepo, na Achola alikuwepo kwa sababu hakuna ukuta unaoweza kumzuia, na majirani watatu walisimama mlangoni wakidai wanasubiri choo. Walter alikaa mezani, amenyoa, tumbo limekaa mahali pake. Nabututu akamzunguka kama mnunuzi.

"Ulimlisha nini?"

"Mboga."

"Mboga? Huyu? Kwangu mboga zote alimtupia mbwa."

"Na mbwa wako anakumbuka vizuri?"

"Sana," akasema, halafu akaniangalia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye alikuwa amechoka. "Dada, mimi nilimpa alichopenda. Mwanaume akisema hataki, mimi ningefanya nini? Ningemshika pua?"

"Ungefunika firigisi kwa mkono."

Hakunielewa. Akafungua hotipoti. Kuku wa kienyeji, mzima. Akachukua sahani, akaweka firigisi peke yake juu, akaipeleka mbele ya Walter kwa mikono miwili, amepiga goti lile bovu kidogo, vile vile kama siku ile Nyakach. "Imondo yako, baba," akasema.

Watu mlangoni wakasukumana waone. Mimi nami nilikuwa nimechinja. Nikaleta sahani yangu, na firigisi yangu juu yake, nikaiweka kando ya ile. Sikupiga goti. Lilikuwa linauma, na hata lisingeuma.

Walter akatazama sahani mbili. Akatazama ya kushoto, akatazama ya kulia.

"Kuku wa kisasa," akanong'ona.

Achola akaziba mdomo kwa leso. Lakini Walter hakuwa anacheka. Alikuwa anaitazama mikono ya Nabututu, iliyokuwa bado imeshika sahani, na paji la uso wake likakunjwa kama lilivyokuwa likikunjwa chini ya lori, anapotafuta sauti mbaya inatoka wapi.

"Tulipomzika mama," akasema polepole, "firigisi nilikula kwa mkono wa nani?"

Oyugi alikuwa anahesabu misumari ya dari.

"Nilikula kwa mkono huu," Walter akasema. "Na Nyar Seme alikuwa mlangoni na sinia. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilijiambia ni moshi wa jikoni." Akanigeukia. "Haukuwa moshi."

Akachukua ile firigisi yangu kwa vidole, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Wewe ndiye uliyestahili kunipa siku ile. Nilikukosea, Nyar Seme. Mbele za watu nilikukosea."

Neno langu likawa limesemwa, Kiswahili safi, na mashahidi wamejaa mpaka mlangoni. Msidhani nililia, kulikuwa na vitunguu vingi kwenye mchuzi. Nikaila ile firigisi. Nikaitafuna mbele ya Nabututu, mbele ya Oyugi, mbele ya majirani. Nikajifuta mdomo. Nikasimama. Nikafungua hotuba.

Ndugu zangu, ilitoka! Ilitoka na shina na matawi. Walter aliinama akaipokea. Nabututu naye alipata fungu lake. Achola alikuwa ananitangulia kwa midomo, maana aliijua kwa moyo, na niliporuka sehemu ya homa ya mtoto akanikumbusha. Nilikuwa nimefika tu katikati, naelekea kwenye moto wa jikoni, Walter alipoinua mkono.

Nikanyamaza. Nikajua sasa ananijibu.

"Naomba kwenda choo," akasema.

Tulimsubiri. Nabututu, mimi, Oyugi, majirani, wote tumekaa kama kamati. Nje mtu akaanza wimbo, hakufika kwenye kiitikio. Walter akarudi, mwepesi, uso unang'aa, akaketi, akavuta kiti karibu na meza.

"Tulikuwa tunaongea nini?"

Chumba kizima kikanigeukia mimi. Nilimtazama usoni, nikatafuta. Samaki alikuwa amezama.

"Ulikuwa unaniomba msamaha," nikasema.

"Mimi? Nilifanya nini?"

"Uliniacha. Ukala firigisi ya mwingine mbele yangu."

Akamtazama Nabututu, akanitazama mimi, akaona kwamba hakuna anayebisha. "Basi nilikuwa mjinga," akasema bila shida yoyote. "Nisamehe, Nyar Seme."

Achola ndiye aliyeanza kucheka, halafu Nabututu, halafu hata mimi. Mara mbili kwa siku moja! Wanawake wa Obunga nzima hawajawahi kuombwa msamaha hata mara moja.

Nabututu alikunja leso yake, akala firigisi iliyobaki yeye mwenyewe bila kuuliza mtu, akasema hamrudishi Walter Awasi. "Kwangu atakula chapati tena, na nitakuwa nimemzika akiwa hai." Mlangoni akasimama, akanivuta mkono. "Dada, hiyo osuga, unaweka maziwa?"

"Unaichemsha, unailaza kwenye maziwa. Kwa nini?"

"Tumbo langu pia halinisikii. Na juzi," akapunguza sauti, "nilisahau jina la mbwa."

Nikampa fungu la osuga aende nalo. Lile lililonyauka.

Walter bado yuko hapa. Daktari Prerna anasema tumbo ni zuri, damu ni nzuri, na kichwa kimerudi pale kinapoweza kurudi. Ameniambia nisitegemee zaidi, na kwamba iko siku kinaweza kuanza kushuka tena. Siku nyingine Walter anamjua kila mtu, anakaa kando ya karai langu na kuwaambia wateja habari za malori ya Kartar. Siku nyingine ananipa betri. Na siku ambayo nimeamka na uchungu wangu, namwita, "Walter, njoo uombe msamaha." Anauliza wa nini. Namweleza. Anashtuka kila mara, maskini, na anaomba kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Sijamsamehe. Na firigisi nimerudi kula mimi, pale pale mezani, polepole, na yeye anakula osuga yake mpaka sahani inang'aa, macho yakiwa kwenye mkono wangu.

"Kesho itakuwa yangu?" ananiuliza.

"Ukienda choo," namjibu.